Homa ya matumbo Mukuru na lawama isiyo mahali pake

Kila mwaka, kati ya tarehe 18 na 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya uhamasishaji kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na kila mwaka Nairobi husikia ujumbe uleule: usinunue antibiotiki bila cheti cha daktari, usimpe jirani vidonge vilivyobaki, maliza dozi. Ujumbe huo si wa uongo. Kasoro yake ni kwamba unamtwika mzigo mgonjwa, na hasa mgonjwa maskini anayenunua vidonge vinne kwa kemisti kwa sababu hana fedha za vidonge kumi na vinne, kana kwamba usugu unazaliwa tumboni mwake siku hiyo. Kwa maradhi ya tumbo yanayoisumbua zaidi Nairobi, ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka kumi na mitano kutokana na usomaji wa jenomu za bakteria unaelekea kwingine. Unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya usugu tunaoupambania haukuzaliwa hapa, uliingia. Na kwamba ulipoingia ulipata njia iliyo wazi ya kutoka tumbo moja hadi jingine, njia ambayo hakuna mgonjwa anayeweza kuifunga kwa kumaliza dozi.

Tuanze na kimelea chenyewe. Salmonella Typhi, bakteria anayesababisha homa ya matumbo, huishi ndani ya binadamu peke yake. Hana mnyama wa kujifichia. Jenomu yake, yaani jumla ya maelekezo ya urithi yaliyoandikwa katika DNA yake, ina herufi zipatazo milioni 4.8, na nakala kamili ya kwanza ilichapishwa mwaka 2001 kutokana na sampuli ya mgonjwa wa Vietnam. Herufi hizo hubadilika polepole mno, kwa wastani chini ya moja kwa mwaka katika jenomu nzima, na mwendo huo mdogo ndio unaowawezesha wanasayansi kuchora nasaba ya bakteria huyu kwa uhakika. Bakteria wawili waliotolewa kwa watoto wa mitaa miwili tofauti, wakitofautiana kwa herufi tatu tu, wana mzazi wa pamoja aliyeishi miaka michache iliyopita. Wakitofautiana kwa mamia ya herufi, koo zao zilitengana kabla binadamu hajatengeneza antibiotiki yoyote.

Mwaka 2010 Profesa Samuel Kariuki na wenzake, wakifanya kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, walichapisha uchambuzi wa sampuli 323 za Salmonella Typhi zilizokusanywa nchini kati ya mwaka 1988 na 2008. Asilimia 60.4 zilikuwa sugu kwa dawa nyingi kwa pamoja: ampisilini, kloramfenikoli, tetrasaiklini, na kotrimoksazoli ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Septrin. Ni asilimia 16.7 tu ambazo hazikuwa na usugu wowote. Takwimu hizo zinatisha, lakini nadhani jambo lenye uzito zaidi katika kazi hiyo ni uchambuzi wa nasaba wa sampuli 94 zilizochaguliwa kuwakilisha nyingine. Bakteria wasio na usugu walitawanyika katika koo mbalimbali ambazo hazina uhusiano wa karibu. Wale waliokuwa sugu kwa dawa nyingi wote walikuwa wa ukoo mmoja, ulioitwa H58, ukoo uleule uliokuwa umetapakaa katika nchi nyingi za kusini-mashariki mwa Asia.

Inafaa tukae hapa kidogo, kwa sababu hoja yangu yote imejengwa juu ya matokeo haya. Laiti usugu wa aina hii ungekuwa unazaliwa upya kila mara mkazi wa Kibera au Mathare anapoacha dawa katikati, tungeukuta katika koo nyingi za homa ya matumbo zilizokuwapo Kenya, kila ukoo na usugu wake, uliopatikana kwa njia yake na kwa wakati wake. Haikuwa hivyo. Uliojitokeza ni ukoo mmoja uliofika ukiwa tayari umejihami, ukazishinda koo za wenyeji na kuchukua nafasi zao. Utafiti mpana uliochapishwa mwaka 2015, uliosoma jenomu 1,832 kutoka nchi 63, ulithibitisha picha hiyo kwa upana wa dunia: karibu nusu ya sampuli zote zilikuwa za H58, na ukoo huo ulikuwa umehama mara kadhaa kutoka kusini mwa Asia hadi Afrika Mashariki, kisha kuteremka kuelekea kusini mwa bara hili hadi Malawi na kwingineko.

Dawa hazikosi hatia katika simulizi hii, lakini hatia yake ni ya namna nyingine. Usugu wa H58 ulibebwa kwa kawaida na plasmidi ya kundi la IncHI1. Plasmidi ni kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, ambacho bakteria mmoja anaweza kumpatia mwingine. Plasmidi hiyo ilikusanya mahali pamoja jeni za kushinda dawa kadhaa zisizohusiana. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyemeza Septrin kwa kikohozi, na akaimaliza yote kama alivyoagizwa, alikuwa akiwapa nafasi ya kustawi bakteria walio sugu kwa kloramfenikoli pia, dawa ambayo pengine hakuwahi kuionja maishani. Matumizi ya dawa huamua nani atashinda miongoni mwa bakteria waliopo. Hayaamui peke yake nani atafika, wala atasambaa kwa kasi gani.

Kuhusu kusambaa, hakuna mahali palipotufundisha zaidi kuliko Mukuru. Katika utafiti wa miaka mitatu uliochapishwa mwaka 2021, kundi la Kariuki liliwafuatilia watoto wa chini ya miaka 16 katika mtaa huo wa mabanda: 4,670 waliokuwa na homa, na 8,549 wa umri unaolingana nao waliotumiwa kwa ulinganisho. Vimelea vya homa ya matumbo vilipatikana kwa wagonjwa 148. Vilipatikana vilevile katika kinyesi cha watoto 95 wa kundi la ulinganisho, yaani takriban mmoja katika kila mia. Jenomu ziliposomwa, asilimia 97 ya vimelea vya wagonjwa na asilimia 88 ya vile vya wabebaji vilikuwa vya H58, na vingi vilikuwa sugu kwa dawa nyingi. Viligawanyika katika matawi matatu ya Afrika Mashariki, ishara kwamba ukoo huo uliingia eneo hili zaidi ya mara moja. Zaidi ya hayo, katika mchoro wa nasaba vimelea vya wagonjwa na vya wabebaji vilichanganyika. Hapakuwa na tawi la wagonjwa na tawi la wabebaji. Mtoto aliyelazwa kwa homa na mtoto anayecheza mpira nje akiwa mzima walikuwa wamebeba kimelea kilekile.

Sasa mwulize mtoto huyo wa pili amalize dozi ipi.

Ni lazima nikiri kwamba picha haina rangi moja. Usugu dhidi ya siprofloksasini na ndugu zake hautegemei plasmidi peke yake. Mara nyingi unatokana na mabadiliko ya herufi moja au mbili katika jeni ya bakteria mwenyewe, hasa ile iitwayo gyrA, na mabadiliko madogo kama hayo yanaweza kuzaliwa popote dawa hizo zinapotumiwa kwa wingi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba tangu 1990 mabadiliko ya kundi hili yamezaliwa na kuenea angalau mara 94, karibu yote kusini mwa Asia. Hapo matumizi ya dawa yanaonekana wazi kuwa chanzo, na Nairobi, ambako siprofloksasini hupatikana kwa kemisti bila maswali mengi, haina sababu ya kujiona imeepuka. Lakini uchambuzi huohuo ulionyesha pia kwamba bakteria sugu wa homa ya matumbo walivuka mipaka ya nchi karibu mara 200 katika kipindi hicho. Hata usugu unaozaliwa kwa dawa huishia kusambaa kwa maji na kwa safari.

Kuna jeni moja inayonitia wasiwasi kuliko nyingine zote, nayo ni CTX-M-15, inayompa bakteria uwezo wa kuivunja seftriaksoni, sindano ambayo hospitali zetu huitegemea homa ya matumbo inaposhindikana kwa vidonge. Mwishoni mwa 2016, katika mji wa Hyderabad, mkoa wa Sindh nchini Pakistan, ulizuka mlipuko wa homa ya matumbo iliyoshinda kloramfenikoli, ampisilini, kotrimoksazoli, siprofloksasini na seftriaksoni kwa pamoja. Dawa pekee ya kumeza iliyobaki na nguvu ilikuwa azithromisini. Jenomu zilipochunguzwa mwaka 2018, kisa kilikuwa rahisi kwa namna ya kuogofya: bakteria wa H58, ambaye tayari alikuwa na usugu wa zamani, alipokea plasmidi moja zaidi yenye CTX-M-15, ya aina inayopatikana kwa Escherichia coli wa kawaida wa tumboni. Kupokea mara moja kulitosha.

Mambo mawili yanayohitajika kwa kisa kama hicho kujirudia, Nairobi inayo. H58 ipo, na tumekwisha kuona ilivyo nyingi. Na CTX-M-15 ipo nchini kwa muda mrefu. Mwaka 2015 watafiti waliripoti kuikuta kwa wagonjwa wa Kenya ndani ya Salmonella wa aina nyingine, yule wa ukoo wa ST313, ambaye badala ya kusababisha kuhara kwa kawaida huingia moja kwa moja katika damu, hasa ya watoto wenye malaria, upungufu wa damu au utapiamlo, na ya watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi bila matibabu. ST313 mwenyewe ni mfano mwingine wa ukoo uliopanda ngazi: uchunguzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha matawi mawili yaliyosambaa Afrika kusini mwa Sahara sambamba na janga la Ukimwi, na la pili likachukua nafasi ya la kwanza baada ya kupata usugu dhidi ya kloramfenikoli. Katika sayansi ya vimelea, jeni iliyo kwa Salmonella mmoja iko hatua fupi kutoka kwa mwenzake, ilmradi wakutane. Na mahali wanapokutana ni tumboni na katika maji machafu.

Kuna wanaohamisha lawama kutoka kwa mgonjwa na kuipeleka kwa kuku na nguruwe wanaofugwa mjini. Hapa pia Nairobi ina ushahidi wa hali ya juu, ingawa wakazi wake wengi hawajausikia. Mradi wa UrbanZoo, ulioishirikisha Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyo hapa Nairobi, ulikusanya Escherichia coli kutoka kwa watu, mifugo na wanyamapori wanaoishi karibu na makazi katika kaya 99 za jiji zima, wa matajiri na wa maskini. Mwaka 2022 zikachapishwa jenomu 1,338. Bakteria walipangika hasa kwa kaya na kwa aina ya kiumbe anayewabeba: watu wa nyumba moja walishirikiana bakteria kuliko watu na kuku wao. Kuvuka kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu kulionekana, ila kwa nadra zaidi. Mgawanyo wa jeni za usugu ulikuwa na sura yake tofauti, inayoendana zaidi na dawa ambazo watu na wanyama wa mahali hapo hutumia kwa pamoja. Mfugaji anayechanganya antibiotiki katika chakula cha kuku ana la kujibu, lakini hawezi kuwekwa katika kizimba cha kwanza.

Ni nani basi anayestahili kukaa hapo? Makundi mawili ya wachambuzi yamelijibu swali hili kwa upana wa dunia, kila moja kwa njia yake, na majibu yao yanafanana kiasi cha kushangaza. Mwaka 2018 Peter Collignon na wenzake walilinganisha viwango vya usugu katika nchi 103 na mambo kama miundombinu, utawala, elimu na matumizi ya fedha katika afya. Kiasi cha antibiotiki kinachotumiwa na nchi hakikueleza tofauti za usugu kwa namna ya maana. Ubora wa miundombinu na wa utawala ulieleza. Mwaka mmoja baadaye ulichapishwa uchunguzi wa maji taka kutoka nchi 60, na ukakuta kwamba wingi wa jeni za usugu katika maji hayo unaendana na hali ya uchumi, afya na usafi wa mazingira, na Afrika ilikuwa miongoni mwa maeneo yenye viwango vya juu kabisa. Kwa lugha nyepesi, nchi zinazotumia dawa chache lakini zenye mifereji mibovu zina usugu mwingi.

Mtu aliyepita Mukuru wakati wa mvua hahitaji takwimu za nchi 103 ili alielewe hilo. Mipira ya maji ya kunywa hupita ndani ya mitaro ya maji taka. Maji yanapotolewa kwa mgao, shinikizo ndani ya mipira hiyo hushuka saa ambazo hayatiririki, na kila ufa mdogo hugeuka mahali pa kunyonya kilicho nje. Maji yakirudi, fungu la kwanza huja na kilichoingia. Vyoo vya pamoja vinajaa na kumwagika kuelekea Mto Ngong, na maji ya namna hiyo, kwingineko jijini kama Maili Saba, yamekuwa yakimwagilia mboga zinazoliwa mjini. Haishangazi kwamba uchunguzi wa Kibera wa kati ya 2007 na 2009 ulikuta wagonjwa 247 wa homa ya matumbo waliothibitishwa kwa kipimo cha damu kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali katika eneo la mashambani la Lwak, magharibi mwa Kenya, walikuwa 29. Hakuna ushahidi kwamba wakazi wa Lwak humaliza dozi mara nane zaidi ya wakazi wa Kibera.

Mfano wa nchi nyingine unaonisadikisha zaidi si wa Ulaya bali wa Chile. Jiji la Santiago lilisumbuliwa kwa miaka mingi na homa ya matumbo, na mboga zilizomwagiliwa kwa maji taka zilikuwa njia kuu ya maambukizi. Mwaka 1991, kipindupindu kilipoingia Amerika Kusini, serikali ilipiga marufuku umwagiliaji huo kwa hofu ya kipindupindu. Homa ya matumbo ikashuka kwa kishindo. Hakuna antibiotiki mpya iliyohusika. Ugonjwa usioambukizwa hauhitaji dawa, na dawa isiyomezwa haimpi bakteria sugu nafasi yoyote.

Kipindupindu nacho kina funzo lilelile, kwa hiyo nitakipitia haraka. Jenomu 1,070 za Vibrio cholerae kutoka nchi 45 za Afrika, zilizochapishwa mwaka 2017, zilionyesha kwamba janga la sasa liliingia barani angalau mara 11 tangu 1970, kila mara kutoka nje, na kwamba koo zote zilizoingia baada ya mwaka 2000 zilifika zikiwa sugu. Kwa bahati njema, uhai wa mgonjwa wa kipindupindu hutegemea maji na chumvi kuliko antibiotiki.

Mtetezi wa kampeni ya dozi anaweza kunijibu kwamba mifereji ni kazi ya miaka 30 ilhali kuelimisha watu kunawezekana leo. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama elimu inayotolewa ingekuwa sahihi. Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza waliandika katika jarida la BMJ kwamba dhana ya kuwa kuacha dawa mapema huleta usugu haina ushahidi wa kutosha, na kwamba kumeza dawa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika ndiko kunakoongeza hatari kwa bakteria wengine wa mwilini. Mgonjwa wa homa ya matumbo aliyethibitishwa anapaswa kumaliza dozi yake, kwa sababu ugonjwa huo hurudi, hilo lisibishaniwe. Lakini swali la Nairobi linatangulia hapo: ni wangapi kati ya wanaoandikiwa dozi hiyo wana homa ya matumbo kweli?

Hapa ndipo ninapoona aibu ya mfumo, wala si ya mgonjwa. Katika vituo vingi vya afya vya mjini, homa ya matumbo hupimwa kwa Widal, kipimo kilichobuniwa mwaka 1896, ambacho hakitafuti bakteria bali kingamwili za damu. Kingamwili hizo hubaki baada ya maambukizi ya zamani, na zinaweza kuchochewa na vimelea vingine. Ndiyo maana karibu kila mkazi wa Nairobi ana jamaa aliyeambiwa ana malaria na taifodi kwa wakati mmoja, tena mara tatu kwa mwaka, katika jiji ambalo maambukizi ya malaria ni machache. Kipimo kinachostahili ni kuotesha vimelea vya damu maabara. Nacho kina udhaifu wake: hukamata takriban wagonjwa 60 kati ya 100, huchukua siku kadhaa, na huhitaji mtaalamu na vifaa ambavyo vituo vidogo havina. Lakini bila kuotesha hakuna bakteria wa kupima dhidi ya dawa, na bila bakteria hakuna jenomu ya kusoma. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, inaweza kumzuia mwenye kemisti kuuza bila cheti. Haiwezi kuzuia cheti kilichoandikwa kutokana na Widal.

Usomaji wa jenomu wenyewe hauko mbali tena kama tunavyodhani. Wakati wa Korona, maabara za KEMRI, za ILRI na za Kilifi zilisoma virusi vya Wakenya hapahapa nchini, na mashine ndogo za kusomea DNA siku hizi zinatoshea kiganjani. Shida iko katika mpangilio wa kazi. Sampuli hukusanywa na mradi wenye mfadhili, hugandishwa, husomwa baada ya miaka, na matokeo huchapishwa katika jarida la nje. Kazi ya mwaka 2010 niliyoitaja ilihusu sampuli zilizoanza kukusanywa mwaka 1988. Kwa daktari aliyekuwa akichagua dawa mwaka 1998, ukweli kuhusu H58 ulikuwa bado miaka 12 mbele. Kenya imekuwa na mpango wa kitaifa wa kukabiliana na usugu tangu 2017. Ningependa mpango huo upimwe kwa jambo moja lisilopendeza kwenye mabango, nalo ni idadi ya hospitali za kaunti zinazootesha damu kila siku na kupeleka sehemu ya vimelea vyao kusomwa mwaka huohuo.

Nisije nikaitukuza jenomu kupita kiasi. Kwa kuwa Salmonella Typhi hubadilika polepole, bakteria wa jirani wawili wanaweza kuwa sawa herufi kwa herufi, na jenomu haitasema nani alimwambukiza nani, wala kama ni kwa maji au kwa mkono wa mpishi. Jibu la swali hilo hupatikana kwa kutembea mtaani na kufuata bomba.

Mwezi Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo, sambamba na chanjo ya surua na rubela. Hatua hiyo ni kubwa kuliko kampeni zote za Novemba kwa pamoja, kwa sababu chanjo haijali kama bakteria ni sugu au si sugu. Pakistan iliianza katika ratiba yake ya kawaida mwaka 2019 kwa sababu hiyohiyo. Katika jaribio la Blantyre, Malawi, lililochapishwa mwaka 2021, ilizuia takriban asilimia 81 ya ugonjwa uliothibitishwa kwa watoto. Lakini jaribio hilo lilipima homa na damu. Wale watoto 95 wa Mukuru hawakuwa na homa. Walikuwa na kinyesi chenye H58, kikielekea kwenye mtaro uleule. Kwa hiyo anayetaka kujua kama chanjo inaukata mzunguko wenyewe Nairobi, au inawakinga waliochanjwa tu huku usugu ukiendelea kuzunguka chini yao, hatalipata jibu katika rekodi za hospitali. Atahitaji kinyesi cha watoto wazima na maji ya mitaro ya Mukuru, yaliyochukuliwa kwa ratiba maalumu na kusomwa jenomu, kisha kulinganishwa na sampuli za kabla ya Julai 2025 ambazo tayari zimehifadhiwa. Na ukusanyaji huo unapaswa kuanza sasa.